Tulinunua meza na forsheti ili niingie université: kisa changu cha Élisabethville

Yambo wakuu, wa Pwani na wa bara, na nyinyi bandugu wa Congo mnaosoma kimyakimya bila hata ku-like.

Mimi ni mzee. Umri wangu siutaji, maana mara ya mwisho nilipoutaja humu kijana mmoja aliniuliza kama nilimwona Nuhu akipakia wanyama. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinikimbize.

Wiki hii nimesoma nyuzi zenu za "maandalizi ya chuo". Mmoja ameorodhesha laptop ya rangi ya fedha, taa ya kusomea inayobadilika rangi, kalamu za kila rangi na planner ya ngozi. Kundi zima likamjibu kwa moto na makofi. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza ada ni kiasi gani na inalipwa lini.

Nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama nimekabwa na kitu.

Nilicheka kwa sababu kosa hilo nalijua. Mimi na baba yangu tulilifanya kabla babu zenu hawajaoa, na tulilifanya vizuri kuliko nyinyi. Nitasimulia kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu za aibu. Nikitoa za aibu, hakutabaki kisa.

Kingine: Kiswahili changu ni cha Lubumbashi. Nimekinyoosha kidogo ili watu wa Dar na Mombasa wasinipigie kelele. Lakini watu wangu wakisema, nitawaacha waseme vile walivyosema.

Twende.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Lubumbashi bado inaitwa Élisabethville na Mbelgiji bado yuko kitini. Tulikaa Kamalondo. Baba yangu, Tata Placide, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Alizaliwa kaskazini, upande wa Kongolo, akaletwa huku na kazi ya reli, akabaki. Misa kila Jumapili, chupa moja ya bia siku ya mshahara, na baada ya hapo anapeleka feza kidogo kwenye livret, kile kijitabu cha akiba.

Livret ile ilikaa nyuma ya picha ya Bikira Maria, imefungwa kwa kitambaa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya kwangu, lakini mimi ndiye niliyekatazwa kuliko wote.

Mjue kwamba siku zile mtoto mweusi akisoma sana, mwisho wake ulikuwa karani au msaidizi wa hospitali. Kisha université ikafunguliwa hapo hapo mjini kwetu, na ikasemekana inapokea weupe na weusi. Baba alisikia habari hiyo karakanani. Alifika nyumbani akaingia na kofia kichwani, kitu ambacho hakufanya kamwe.

"Norbert, utaingia mule. Utakuwa munganga. Hapana musaidizi wa munganga. Munganga."

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, kwa mapadri. Kifaransa changu kilikuwa kizuri, Kilatini kilitembea na fimbo, na hesabu yangu ilikuwa mgonjwa wa kulazwa.

Hebu tupige mahesabu pamoja. Akiba ya miaka mitatu ipo. Mtoto yupo. Shule ipo, mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Kilichobaki ni vitu viwili tu: mtoto asome, na mtu mmoja aende ofisini kuuliza ada.

Hatukufanya hata kimoja.

Sasa namleta Anaclet. Huyu alikuwa jirani yetu, fundi cherehani, na alikuwa na kadi.

Msioijua kadi, ngojeni niwaeleze, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu wenye akili timamu walifanya tulichofanya. Mbelgiji alikuwa na kadi ya watu weusi "walioendelea", évolués. Ukiitaka unaandika barua, halafu commission inakuja nyumbani kwako. Sitanii. Wanaingia ndani. Wanaangalia kama mnakula mezani, kama mke anakaa pamoja na mume, kama mna forsheti (nyinyi mnaziita uma), kama kuna vitabu, kama choo kinanuka. Wakiridhika, unapewa kadi na unakuwa robo muzungu mpaka saa ya kufunga maduka.

Jumapili moja baada ya misa Anaclet akakaa kwetu, akasikia habari ya université, akatikisa kichwa.

"Placide, weye uko mutu wa akili. Kwa kadi tu, kakaratasi kadogo, balikuya bantu tatu, balifungua mpaka kabati ya bibi yangu. Sasa université! Unawaza bataacha mutoto aingie bila kuona kwenye anatoka?"

Maneno yale yalikuwa na mantiki kabisa, na mpaka leo sioni kosa ndani yake, isipokuwa kwamba hayakuwa kweli.

Mama yangu, Mama Euphrasie, alikuwa anauza mikate ya kukaanga sokoni. Alikuwa mlangoni na karai lake.

"Juu ya nini hamuendi kuuliza? Biro ya université iko pale. Ni miguu tu."

Tulimcheka, wanaume watatu kwa pamoja.

"Mama Norbert," baba akamwambia, "muzungu habamuulize anakuya kuangalia nini mu nyumba yako. Ukiuliza, atawaza unaficha kitu."

Msimcheke baba peke yake. Miaka yote karakanani alifundishwa hivyo: unapewa amri, unatekeleza, huulizi. Aliyeuliza sana alipewa jina baya kwenye kitabu cha bwana mkubwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakufanya kazi kwenye reli ya Mbelgiji.

Basi, livret ikatoka nyuma ya Bikira Maria.

Kwanza ikaja meza, ya mti wa mulombwa, nzito, pamoja na viti sita. Sisi tulikuwa watatu. Halafu kabati la vioo. Halafu forsheti na visu, dazeni nzima, kutoka duka la Mgiriki mjini. Kitambaa cha meza, cheupe pe, mjomba wangu alitununulia ng'ambo akakipitisha Mokambo, mpakani na Rhodesia. Halafu pazia, na chungu cha maua ambayo hakuna aliyejua jina lake, na yakafa.

Mwisho vikaja vitabu. Kuna Mbelgiji mmoja alikuwa anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba. Baba akanunua seti nzima ya encyclopédie, migongo imeandikwa kwa dhahabu, akaileta juu ya toroli kama anamleta askofu.

Nikafungua kitabu cha kwanza.

"Baba, hii ni Kiflamand, haiko Kifaransa."

"Iko kitabu, haiko kitabu?"

"Iko kitabu."

"Basi."

Kitabu cha nne kilikosekana. Baba akaziba pengo kwa kitabu cha misa.

Sasa mazoezi. Wakuu, nani kati yenu amewahi kula bukari kwa forsheti? Bukari ndiyo ugali wenu. Unalichoma, linakwama. Unalikata, linakuangalia. Na sombe, mboga ile ya majani ya muhogo, inapita katikati ya meno ya forsheti na kurudi kwenye sahani ilikotoka. Baba alikaa kichwani pa meza, kisu mkononi, ukisahau tu anagonga sahani: "Mukono!"

Mama alilazimishwa kukaa nasi mezani, mgongo wima. Alikuwa anagusagusa chakula, anasema merci, anaondoka. Kisha unamsikia jikoni anakula kwa mkono, taratibu, na anaimba. Ndiye peke yake ambaye hakukonda.

Mimi nilipewa heure d'étude. Kila siku, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja, navaa veston, lile koti la suti, na tai, nakaa mezani, uso dirishani, pazia limefunguliwa, ili commission ikitokea ghafla inikute ninasoma. Nilikatazwa vitu viwili. Kuinuka, na wino. Wino utachafua kile kitambaa cha Mokambo.

Kwa hiyo nilisoma algebra bila kuandika. Jaribuni siku moja, mtaniambia.

Ukutani kulikuwa na programme yangu ya masomo. Hiyo niliichora mwenyewe, kwa rangi, na mistari ya rula: Jumatatu Algèbre, Jumanne Latin, hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Ilinichukua wiki nzima kuichora. Shuleni, wiki hiyo ndiyo waliyofundisha hesabu ambayo baadaye iliniua.

Lakini nilipendeza! Watu wakipita barabarani wananiita, "Eh, munganga!" Mimi nainamisha kichwa kidogo tu, kama mtu aliyekatizwa mawazo. Nilijifunza kufungua ukurasa mpya kila nikihesabu mpaka mia. Nilijifunza kukunja uso, kugusa paji, kuangalia juu kama jibu liko darini. Ndani ya kichwa nilikuwa nafikiria mpira, na dada mmoja wa kwaya ambaye hahusiki na uzi huu.

Nyinyi mnaopiga picha daftari pembeni ya kikombe cha kahawa, nawasalimu. Tuko ukoo mmoja.

(Naona kuna mtu ameshauliza kama commission ilikuja. Kijana, tulia. Mimi mwenyewe nilingoja miezi sita.)

Nilikuwa na rafiki darasani, Boniface, mtoto wa Katuba. Watu wao walikuwa wenyeji wa huku kabisa, wakulima. Baba yake hayupo, mama yake anauza ndagala sokoni Katuba, zile dagaa kavu. Nyumbani kwao vyumba viwili na watoto wengi, kwa hiyo Boniface alikuwa anasomea sokoni, chini ya meza ya mama yake.

Na hakusoma kimya. Alikuwa anachora pembetatu chini kwa makala (nyinyi mnaita makaa), anawaeleza wale mama wa ndagala kwa nini pembe hii iko sawa na ile. Mama wa sokoni hadanganyiki, anakujibu papo hapo: "Hapana, hatuelewe. Rudilia." Boniface anarudia. "Na ile ilitokea wapi?" Anarudia tena. Siku wakisema "aah, njo vile!", anafuta, anaenda ya pili.

Siku moja alikuja kwetu tusome pamoja. Baba alimtazama miguu yake yenye vumbi, akatazama viti, akamwambia kwa upole kwamba Norbert iko na kazi. Boniface akaniona dirishani na tai yangu.

"Unaandikaka wapi?" akaniuliza kesho yake.

"Naandika kichwani."

Akaniangalia kwa huruma. Mimi nikamcheka, nikawasimulia wenzetu habari ya profesa wa ndagala. Naandika hili na masikio yanawaka, na miaka yote hii imepita.

Mwaka wa shule ukaisha. Sekondari nikaipita, kwa nywele moja tu. Baba akachinja kuku, tukamla kwa forsheti.

Hiyo ilikuwa bado kiangazi. Siku moja mwezi wa tisa Boniface akanikuta barabarani, ana karatasi mfukoni.

"Ulishalipa?"

"Kulipa nini?"

Akanitolea ile karatasi. Ilikuwa ya université. Aliichukua ofisini tangu mwezi wa tatu. Aliingia, akasema bonjour, akauliza, akapewa. Dakika tano.

Ilisema hivi: leta cheti, leta picha, lipa sehemu ya kwanza ya ada kabla ya mtihani wa kuingia, ukishindwa mtihani utarudishiwa. Na tarehe ya mwisho. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Mi niliwaza unajua. Baba yako iko mutu mukubwa, beko na meza na bitabu."

Kisha akanieleza walivyojipanga kwao, kama anaeleza kitu cha kawaida tu. Mama yake alikuwa kwenye likilimba, nyinyi mnaita upatu: wanawake wanachanga kila mwezi na mmoja anachukua yote, kwa zamu. Mwezi wa tatu, baada ya kuona ile tarehe kwenye karatasi, mama yake aliwaomba wenzake zamu yake iwe mwezi wa tisa. Basi. Ndiyo financial planning yote hiyo, bila planner ya ngozi.

Nilikimbia nyumbani nikamsomea baba ile karatasi, mstari kwa mstari.

"Soma nyuma," akaniambia.

Nyuma hakukuwa na kitu.

"Na commission?"

"Baba, hakuna commission."

"Karatasi ni karatasi. Bantu banakuya kisha."

Wakuu, hapa ndipo roho inaponiuma. Wiki ile nzima baba alikuwa anatoka karakanani, anaosha grisi mikononi kwa mchanga na sabuni mpaka ngozi inakuwa nyekundu, anavaa veston yake, anakaa kiti kinachotazama mlango. Hasomi, hasemi. Anangoja. Mama anachemsha maji ya chai, yanapoa, anachemsha tena. Sisi wawili tulishajua. Yeye pia alijua, nadhani, lakini hakuweza kuinuka kwenye kile kiti.

Siku ya sita, hodi.

Baba akaruka kama askari. Akafungua mlango huku kinywa kimeshaanza: "Entrez, karibuni, entrez!"

Alikuwa muuza makala, amekuja kuuliza kama tunataka gunia.

Na kwa kuwa baba alishasema karibuni, hakuweza kurudisha. Yule bwana akaingizwa na vumbi lake jeusi, akakalishwa kiti cha mulombwa, akapewa chai kwa kikombe na kisahani. Akanywa amekaa ukingoni, anatutazama mmoja mmoja, anatafuta kosa lake ni lipi. Alipoondoka, kiti kilikuwa na alama nyeusi ya makalio. Mama hakuifuta.

Baba akavua veston. "Tuende kwa Anaclet," akaniambia.

Anaclet alikuwa kwenye cherehani. Baba akamweleza kila kitu: commission haikuja, livret imeisha, imekwenda kwenye meza, viti, forsheti, vitabu. Anaclet akasimamisha mguu.

"Ulinunua?"

"Uliniambia bataangalia."

"Bataangalia, ndiyo. Sikukuambia ununue! Placide, ndugu yangu, nani ananunuaka? Zangu nilikodi."

Kumbe! Forsheti za Anaclet zilikuwa za mjane mmoja, avenue ya tatu. Mjane yule alikuwa anakodisha seti yote: forsheti, kitambaa, hata picha ya mfalme kwenye fremu. Commission ikimaliza kwa huyu, vitu vinafutwa, vinahamia kwa mwingine anayengoja barua. Watu kibao wa Kamalondo walipata kadi kwa forsheti zilezile. Wale mabwana walikuwa wameziona mara nyingi kiasi kwamba wangeweza kuzisalimu kwa jina.

Katika Kamalondo nzima, mtu mmoja tu alinunua. Ni yule aliyeambiwa uongo usio uongo na hakuuliza.

Turudi nyumbani. Mama aliposikia alianza kucheka. Akacheka, akashika ukuta, akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka kilio. Baba akaanza kutoa forsheti kabatini, moja moja, akazipanga mezani kama vyombo vya karakanani mwisho wa kazi.

Zimebaki siku kumi na tano.

Kulikuwa na karani mmoja aliyekuwa anatafuta kadi na hakupenda vya kukodi. Alichukua meza, viti, kabati, forsheti na kitambaa, kwa nusu ya tulichotoa. Aliuliza alama nyeusi ya kiti ni ya nini. Baba akasema ni mti wenyewe. Encyclopédie hakuna aliyeitaka, hata bure.

Nusu haikutosha.

Mama akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa wanawake wa likilimba yake. Mwezi ule zamu ilikuwa ya Mama Sidonie, muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, aliyekuwa anangoja zile feza anunue mabati, maana nyumba yake ilivuja. Mama alimweleza mbele ya wote, bila kuficha, mpaka habari ya muuza makala. Walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa vitambaa. Kisha Mama Sidonie akasema:

"Mutoto apite kwanza. Mabati itangoja. Mvua haiyafika."

Tulilipa ikiwa imebaki siku mbili. Mimi na baba, wote na tai. Yule wa dirisha la malipo alichukua feza, akagonga muhuri, akanipa risiti, akamwita aliye nyuma yangu. Hakunitazama hata shingoni.

Sasa mngependa niseme nikapita mtihani, si ndiyo?

Niliingia ukumbini. Karatasi ya hesabu ikagawiwa. Swali la kwanza nililifahamu, yaani nilifahamu kwamba nimewahi kuliona, Jumatatu fulani, saa kumi na moja jioni, nikiwa naangalia dari. Nikashika kalamu. Mkono haukujua pa kuanzia. Ulikuwa haujaandika algebra miezi sita.

Nikakaa wima. Nikakunja uso. Nikagusa paji. Msimamizi mmoja akapita karibu yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kwa kukaa, hakuna aliyekaa vizuri kuliko mimi mule ndani.

Mbele yangu Boniface alikuwa ameinama, anaandika, midomo inacheza. Alikuwa anawaeleza wale mama.

Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwepo. Langu halikuwepo. Nilisoma mara tatu, nikasoma hata majina ya weupe, labda wamenichanganya.

Feza tulirudishiwa zote, hawakukata kitu. Mama akapeleka zile za Mama Sidonie moja kwa moja kwake, na mabati yakapanda siku chache kabla ya mvua. Hilo peke yake ndilo lililokwenda sawa mwaka ule.

Niliogopa sana kumwambia baba. Nilimwambia kwenye lango la karakana, katikati ya wenzake, ili asinipige. Akasema tu, "Sawa," akarudi ndani.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni, nilijikuta nimevaa veston na tai. Mazoea ni kitu cha ajabu. Salon, yaani sebule, ilikuwa tupu, nimesimama katikati kama mgeni aliyesahauliwa.

Baba akaingia amebeba sanduku la mbao, lile la kubebea vyuma vya reli. Akaligeuza, akaliweka ukutani, mbali na dirisha. Juu yake akaweka chupa ya wino na daftari.

"Vua ile veston."

Nikavua.

Akakaa chini, sakafuni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema bila kunitazama:

"Kila siku, kisha kazi, nilikuwa nazunguka barabara ya nyuma, ili nipite mbele ya dirisha, nikuangalie. Ulikuwa unaonekana muzuri sana, mutoto wangu. Muzuri sana. Sikukuuliza hata siku moja kama unaelewa."

Nilitaka kumwambia kosa ni langu, kwamba yeye alikuwa nje lakini mimi nilikuwa ndani ya kile kichwa, nikijua hakuna kitu. Nililia kama mtoto, na miaka ishirini yangu.

Akaninyooshea kalamu.

"Kaa. Andika. Chafua. Hakuna muntu anakuya."

Wakuu, mwaka mzima nilifanya kazi asubuhi, kubeba mizigo stesheni, na mchana nilitembea mpaka Katuba, kwa mama yake Boniface. Nilikaa chini ya meza ileile, nikawaeleza wale mama wa ndagala hesabu zangu. Walinitesa kuliko mapadri. "Yule mwengine alikuwa anaelezaka muzuri," wananiambia. Mama alipanga zamu yake ya likilimba mwezi wa tisa. Na mwezi wa tatu, baba mwenyewe, kwa miguu yake, aliingia ile ofisi, akavua kofia, akauliza ada ni kiasi gani. Aliniambia alitetemeka. Dakika tano.

Nikaingia.

Munganga sikuwa, damu ikinitazama mimi ndiye ninayeanguka. Nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu, na mwanafunzi aliyeniambia "nimeelewa" nilimpeleka ubaoni.

Nilichojifunza, kwa nyinyi mnaojiandaa: nendeni mkaulize ada na tarehe leo, kabla ya kununua hata rula. Pangeni akiba ifike mwezi inaotakiwa, si mwezi mnaojisikia. Na kusoma ni kule unakoandika ukakosea, ukamweleza mtu asiyekuonea haya. Hiyo kukaa mbele ya kamera, nilishaijaribu, nikapata sifuri ya hesabu nimevaa tai.

Nimechoka, kidole kinauma. Wenye vituko vyao vya maandalizi wavimwage hapa chini, na aliyetumia ada kwa kitu cha kuonekana aseme alinunua nini, hatutamcheka sana. Na yule wa laptop ya rangi ya fedha, mwanangu, sina ugomvi na wewe. Niambie tu: ulishauliza ada?